Povu la polistirini limejaa bandani na wanunuzi wa plastiki hawalitaki: lipelekwe wapi?

Mkusanyaji wa Temeke (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Kikundi chetu kinakusanya taka za plastiki katika kata mbili za Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Kwa chupa za maji, ndoo zilizopasuka na viti vilivyovunjika hatuna shida, kwa kuwa wanunuzi wapo, bei inajulikana, na mzigo hupimwa na kulipwa siku hiyo hiyo. Kinachotusumbua ni lile povu jeupe linalofungiwa runinga, majokofu na mashine za kufulia, pamoja na maboksi ya samaki yanayotoka sokoni. Wenye maduka ya vifaa vya umeme wanatubembeleza tuliondoe, na baadhi yao wako tayari kutulipa kwa kila safari, lakini tukishalichukua hatuna pa kulipeleka. Mnunuzi wetu wa plastiki alilitazama, akanyanyua kiroba kizima kwa kidole kimoja, akasema kwamba yeye hanunui hewa.

Hivi sasa povu hilo limejaza nusu ya banda letu. Jirani mmoja ametushauri tulichome usiku, jambo ambalo tumelikataa. Mwingine anasema likiyeyushwa kwenye petroli linakuwa gundi nzuri ya kuzibia mabati yanayovuja, na kijana wa kikundi chetu ameona video ya funza wanaolila. Ninaomba kufahamishwa kama kuna namna ya kulirejeleza povu hili inayoweza kufanywa na watu wenye mtaji mdogo, na kama hakuna, tujue tulikatae kuanzia mlangoni badala ya kuendelea kulirundika.

Mhandisi Mstaafu

Ndugu Mkusanyaji, mnunuzi wako hakutia chumvi. Polistirini ni plastiki kamili kama zilivyo nyingine, na kwenye bidhaa nyingi utaiona imepigwa alama ya pembetatu yenye namba 6. Ili iwe povu, kiwanda hutumia punje ndogo zilizotiwa gesi ya pentani, kisha huzipitisha kwenye mvuke wa maji ya moto hadi zinafumuka mara nyingi ya ukubwa wake wa awali na kushikamana ndani ya kalibu. Kinachotoka humo ni hewa kwa takriban asilimia 98. Povu la kufungashia kwa kawaida lina uzito wa kilo 15 hadi 30 kwa kila mita moja ya ujazo, ilhali polistirini hiyo hiyo isiyofumuliwa ina takriban kilo 1,050.

Tuchukue kilo 20 kwa ajili ya hesabu. Tani moja itahitaji mita 50 za ujazo, na hapo tumekubali kwamba vipande vimepangwa bila mwanya, jambo ambalo haliwezekani kwa povu la runinga lenye pembe, vijishimo na mbavu. Kirikuu yenye nafasi ya mita 3 za ujazo itabeba kilo 60 kwa hesabu ya juu kabisa, na huenda ikabeba nusu yake tu, huku dereva akitaka nauli ile ile ambayo angeitoza kwa mzigo wa chupa zilizobanwa. Hakuna bei ya plastiki inayoweza kulipia safari ya namna hiyo. Kabla hamjafikiria bidhaa ya kutengeneza, basi, fikirieni namna ya kuitoa hewa kabla gari halijawashwa.

Mashine za kazi hiyo zipo za aina mbili kuu, na zote huanza kwa visu vinavyolikatakata povu. Aina ya kwanza hulisukuma kwa parafujo ndani ya bomba linalobana kadiri linavyokwenda mbele, nalo hutoka kama gogo gumu lenye uzito wa kilo 200 hadi 400 kwa mita ya ujazo. Hapo hakuna kuyeyusha. Msuguano na mkandamizo ndivyo vinavyozipasua chembe za hewa. Aina ya pili huongeza joto hadi plastiki inalainika na kutiririka kama uji mzito, ikamwagwa kwenye kalibu na kugeuka tofali zito zaidi. Ndiyo njia iliyotumika kwa miaka mingi katika soko la samaki la Tsukiji mjini Tokyo, ambako maboksi ya samaki yaliyeyushwa papo hapo sokoni na kuuzwa yakiwa matofali. Somo la Tsukiji, kwa maoni yangu, ni kwamba mashine iliwekwa mahali povu linapozaliwa, wala povu halikusafirishwa kuifuata mashine.

Nawatahadharisha juu ya mambo mawili. Jeki ya gari na fremu ya chuma havitoshi, kwa sababu povu likiachiwa hujitanua tena. Utapata nafuu kidogo tu, na lazima ufunge kwa waya kabla hujalegeza jeki. Pili, msijaribu kuliyeyusha kwenye pipa juu ya kuni. Likipata joto kali hutoa mvuke wa stairini, ambayo mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Mashine ya joto inahitaji chumba kilicho wazi, bomba la kunyonya mvuke na mtu anayeelewa kipimo cha joto.

Mwalimu wa Kemia

Nakubaliana na Mhandisi, nami nitajibu yale mawili aliyoyaacha, yaani petroli na funza.

Ni kweli kwamba petroli hulifanya povu linywee na kuwa uji unaonata. Vilevile ni kweli kwamba uji huo ukishika moto hung'ang'ania ngozi na nguo wala haupanguswi, na kwamba mvuke wa petroli hutambaa chini kwa chini hadi kwenye jiko la jirani. Mtu anayeuchanganya kwenye ndoo ndani ya banda lenye mita nyingi za ujazo za povu amejitengenezea mazingira ya msiba. Tena paa lenyewe haliponi, kwa kuwa polistirini hukauka ikawa kavu na yenye kupasuka, na jua huibadilisha kuwa ya njano na kuidhoofisha, kwa hiyo baada ya muda bati linavuja tena. Ushauri huo ukataeni kama mlivyokataa ule wa kuchoma.

Viyeyusho vyenye heshima zaidi vipo. Limonini, mafuta yanayopatikana kwenye maganda ya machungwa, huyeyusha polistirini vizuri, na kampuni ya Sony ya Japani ilitengeneza mfumo wa kurejeleza povu kwa kuyatumia. Povu huzama kwenye mafuta, hewa inatoka, uchafu unachujwa, kisha mafuta hutenganishwa kwa kuyachemsha na kutumika tena. Nikipita Muheza wakati wa msimu nikaona machungwa yanavyooza kando ya barabara, huwa natamani mtu mwenye fedha alitazame jambo hili. Hata hivyo, limonini huchemka kwenye nyuzi 176, kwa hiyo kuitenganisha na plastiki bila kupoteza mafuta kunahitaji mtambo wa kukenekea wenye pampu ya kupunguza shinikizo la hewa. Hiyo ni kazi ya kiwanda, na kikundi kisiingie humo kwa mkopo.

Kuhusu funza, utafiti wenyewe ni wa kweli. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao wa China walionyesha kwamba funza 100 wa unga hula miligramu 34 hadi 39 za povu kwa siku. Mwaka 2024 wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, walitangaza matokeo ya jamii ya funza wa Alphitobius, wadudu wenye asili ya Afrika, ambao wakilishwa povu pamoja na pumba huweza kuvunjavunja sehemu ya polistirini hiyo. Sasa pigeni hesabu: kwa kasi ile ya Stanford, kilo moja ya povu kwa siku inahitaji funza wanaokaribia milioni 3, na kilo moja ni sawa na boksi la lita 50 tu. Faida ya utafiti huu ni kutambua vimeng'enya na bakteria waliomo tumboni mwa wadudu hao ili siku moja vitumike bila funza wenyewe. Kijana wenu asivunjwe moyo, ila asianze kufuga funza kwa ajili ya kulimaliza povu la banda.

Kabla ya lolote, jifunzeni kulitambua povu, kwa sababu si kila kilicho cheupe na chepesi ni polistirini. Vunja kipande: polistirini ya kufungashia hukatika kwa mlio na kuonyesha punje za mviringo. Karatasi laini inayopindika bila kuvunjika na kurudi ilivyokuwa ni povu la polithini. Lile la njano lililomo ndani ya kuta za majokofu mabovu ni poliyurithani, nalo lisiguswe kabisa, kwa kuwa katika majokofu ya zamani huwa limeshikilia gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. Mkiwa na shaka, chukueni asetoni ya kufutia rangi ya kucha na kudondoshea tone moja. Polistirini itatoboka na kunywea mbele ya macho yenu, ikitoa vipovu vidogo, ilhali polithini itakaa kama ilivyo. Fanyeni jaribio hilo nje, mbali na moto.

Fundi Mjenzi

Wataalamu wamezungumzia mashine, lakini mimi naona mmeruka soko lililo karibu kuliko yote, yaani ujenzi. Povu likisagwa kuwa punje linaweza kuchanganywa na saruji na mchanga, likatoa zege jepesi. Zege la kawaida lina kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, na la punje za povu linaweza kushuka hata chini ya kilo 1,000 kulingana na kiasi cha punje. Linafaa kwa kuta za kugawanya vyumba, kwa kujazia juu ya sakafu ya ghorofa bila kuongeza mzigo, na kwa tabaka la kuzuia joto juu ya paa la zege. Lisitumike kwenye nguzo, boriti, msingi wala ukuta unaobeba ghorofa.

Siri yake ni namna ya kuchanganya. Mtu akitia punje kavu kwenye zege lenye maji mengi, zote huelea juu, na tofali likikauka utakuta chini ni mawe matupu na juu ni povu. Lowesha punje kwanza kwa uji mzito wa saruji, zigeuze hadi kila moja ipate ngozi ya kijivu, ndipo utie mchanga. Mchanganyiko uwe mkavu kiasi, na usiutikise sana kwa mashine ya mtetemo. Kisha tofali lifunikwe na kumwagiliwa maji kama matofali mengine. Kazi hii haihitaji umeme mwingi, na povu halihitaji kusafirishwa mbali.

Kwa wenzetu wa Kenya, Shirika la Taifa la Nyumba lina kiwanda huko Mavoko kinachotengeneza paneli za povu zenye wavu wa chuma kila upande, ambazo hupigwa plasta ya saruji na kuwa ukuta. Paneli hizo hutengenezwa kwa punje mpya, sisemi kwamba wanachukua povu la runinga, lakini inaonyesha kwamba povu ndani ya ukuta si jambo la kubahatisha katika ukanda wetu.

Afisa Mazingira

Fundi, naheshimu uzoefu wako, lakini napenda tutofautishe kurejeleza na kuficha. Polistirini iliyokwisha kuingia kwenye zege haitoki tena kuwa polistirini. Siku ukuta ule utakapobomolewa, punje zitatawanyika na kuingia kwenye mitaro ya mvua, na kutoka hapo hadi Mto Msimbazi na baharini si mbali. Naikubali njia yako kama hatua ya pili, kwa povu ambalo halina mnunuzi, na kwa sharti kwamba tofali limepimwa nguvu na limefunikwa kwa plasta pande zote, kwa sababu povu lililo wazi hushika moto kwa urahisi na kutoa moshi mweusi mzito.

Kwa povu safi la kufungashia, thamani ya juu ni kulirudisha kuwa plastiki. Likishashindiliwa huuzwa kwa viwanda vinavyolisaga na kuligeuza chembechembe, na humo hutoka fremu za picha, urembo wa kingo za dari na kuta, rula na hanga za nguo. Wapo pia wanaotengeneza povu jipya ambao huweza kuchanganya sehemu ndogo ya povu safi lililosagwa pamoja na punje mpya. Maneno "safi" na "la aina moja" yana uzito wa kisheria. Tangu tarehe 1 Januari 2021, marekebisho ya Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka kati ya nchi na nchi, yanataka taka za plastiki zilizochanganyika au chafu zisivuke mpaka bila idhini ya awali ya nchi inayopokea, ilhali polistirini iliyotengwa peke yake, isiyo na uchafu na inayokwenda kurejelezwa, imewekwa katika kundi lenye masharti mepesi. Kwa hiyo hata mnunuzi wa nje ya nchi atawauliza kwanza kuhusu usafi.

Kutokana na hilo nashauri mambo haya. Msipokee maboksi ya chipsi na sahani za vyakula, kwa kuwa mafuta na pilipili haviondoki kwa gharama inayolipa. Msichanganye povu la ujenzi, hasa lile la kuta za vyumba vya baridi, na povu la kufungashia, kwa sababu la ujenzi mara nyingi lilitiwa kizuia moto kiitwacho HBCD, ambacho Mkataba wa Stockholm, unaohusu kemikali za sumu zinazodumu muda mrefu katika mazingira, ulikiingiza mwaka 2013 katika orodha ya kemikali za kuondolewa. Maboksi ya samaki yapokewe yakiwa yameoshwa siku ile ile na kukaushwa. Damu ikishakaukia kwenye mifereji ya boksi harufu haitoki, na mnunuzi huijua kabla hata hajashuka kwenye gari. Hayo mazima, yasiyopasuka, yarudisheni kwa wachuuzi wa samaki wanaohitaji mahali pa kuweka barafu, kwa kuwa boksi linalotumika tena limeokoa zaidi ya lile linaloyeyushwa.

Jambo la mwisho ni fedha. Mmesema maduka yako tayari kulipia kila safari. Basi mapato yenu ya kwanza yawe ada ya kuondoa taka, kwa mkataba wa maandishi, na mauzo ya matofali ya polistirini yahesabiwe kuwa nyongeza. Vikundi vinavyokwama ni vile vinavyotaka plastiki ilipie kila kitu wakati mwenye taka hatozwi chochote. Pia fikeni ofisi ya kata na ofisi ya kanda ya chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira (NEMC) mkaulize kuhusu kibali cha kukusanya na kuhifadhi taka kabla hamjaongeza shehena.

Mkusanyaji wa Temeke

Nawashukuru wote, na Mwalimu nakushukuru kwa jaribio la asetoni, kwa sababu tumelifanya leo asubuhi na tumegundua kwamba viroba vingi tulivyovihesabu kuwa vya polistirini vina povu la polithini ndani yake, hasa yale mashuka meupe yanayozungushiwa vioo vya runinga. Tumeanza kutenga upya. Suala la petroli na la funza tumelifunga.

Nimeongea na wenye maduka matatu yaliyo jirani, na mmoja ana ghala kubwa lenye umeme wa njia tatu. Anasema kama tutapata mashine ya kushindilia bila joto, anaweza kutupa kona ya kuiweka, kwa sababu povu linamlia nafasi anayoihitaji kwa bidhaa. Nimebaki na maswali mawili. Tukisubiri mashine, povu lililopo tulihifadhi vipi lisitulipukie moto? Na je, tununue mashine kwanza au tutafute mnunuzi kwanza?

Mhandisi Mstaafu

Mnunuzi kwanza, bila shaka yoyote. Mpelekeeni sampuli mbili: kiroba cha povu safi lililovunjwavunjwa, na kipande kilichoshindiliwa, ambacho mnaweza kuomba kitengenezwe na muuzaji wa mashine kwa kutumia povu lenu wenyewe. Muuzaji anayekataa kuijaribu mashine yake kwa povu lenu, mwacheni. Mnunuzi aandike kwenye barua kiwango cha unyevu na uchafu anachokubali, ukubwa wa gogo, kiasi cha chini cha kupokea kwa safari moja, na nani anayelipia usafiri. Mkiwa na barua hiyo, ndipo mpige hesabu ya mashine kwa kutumia kilo mnazopata kweli kwa mwezi. Jihadharini na uwezo ulioandikwa kwenye kibao cha mashine, kwa kuwa huo hupimwa ikilishwa mfululizo bila kusimama, nanyi mtakuwa mnasubiri maduka yafungue mizigo. Mwulizeni pia kuhusu visu, kwamba vinanolewa wapi na vipuri vinapatikana nchini au vinaagizwa, maana kipande kimoja cha karatasi ya gundi chenye pini ya chuma kinatosha kuvivunja.

Kuhusu uhifadhi, gaweni rundo moja kubwa kuwa marundo madogo yenye njia kati yake, pana kiasi cha mtu kupita na ndoo ya mchanga. Kusiwe na kuchomelea vyuma, jiko wala sigara karibu, na nyaya za umeme zisipite juu ya povu, kwa sababu taa iliyolegea ikidondosha cheche, moto wa polistirini hukua haraka na matone yake yanayowaka huangukia vipande vya chini. Wekeni vizimamoto vya unga mlangoni, si nyuma ya rundo. Povu likae kivulini na juu ya vichanja, lifunikwe kwa wavu wenye matundu madogo, na kazi ya kulivunja ifanyike ndani ya wavu huo huo, kwa kuwa punje zikishapeperuka hunata kwenye nguo na kuta kwa umeme tuli na hazifagiliki kwa ufagio mkavu. Nyunyizeni maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia, kisha mkusanye tope lake kwenye ndoo, lisiachwe liende mtaroni.

Na hiyo kona ya ghala mliyoahidiwa, kabla ya kuikubali mwombeni mwenye ghala aonyeshe masharti ya bima yake ya moto. Kampuni nyingi za bima hutaka kujulishwa povu linapowekwa ndani ya jengo, na ni afadhali ajue hivi sasa kuliko kujua baada ya mashine kufungwa.